Enoch Tidbury na Askofu Wake

Enoch Tidbury alikuwa mvuvi wa kukodiwa hapo Marlcombe, kando ya mto Thames, na kwa miaka tisa kazi yake ilikuwa kuhakikisha samaki mmoja havuliwi. Wateja wake, bila shaka, waliambiwa kinyume.

Samaki mwenyewe alikuwa trauti mnene mwenye uso wa kutoridhika na waumini, ndiyo maana akaitwa Askofu. Aliishi chini ya kizuio cha maji, penye povu. Kwa ajili yake mabwana wa London walipanda treni kila Jumamosi ya kiangazi, na kofia zao za majani na makoti ya mistari. Marlcombe haikuwa na kivutio kingine. Mashindano ya makasia yalikuwa mji wa jirani, paa la kanisa lilivuja, na bia ya hotelini ilinyweka tu kwa mtu aliyelikodolea macho kasha la kioo, tupu, lililotundikwa ukutani kumngoja marehemu mtarajiwa. Siku Askofu atakapoingia humo, treni ingepita bila kushusha mtu, na Enoch angerudi kukata matete, na kiuno chenyewe kibovu. Hofu hiyo ilimnyima raha.

Basi alimlinda. Aliisukuma boti yake bapa kwa upondo hadi mahali penyewe, akanong'ona kwa heshima zote, na kila Askofu alipoinuka kunusa chambo, Enoch aligonga sakafu ya boti kwa upondo, mara moja tu, kama mtu anayejiweka sawa. Askofu alizama. Bwana aliulaani upepo.

Hakuna aliyeulaani upepo kama Bwana Septimus Lavington, mwenye kiwanda cha sabuni, aliyejua kila kitu kuhusu trauti isipokuwa namna ya kumpata.

"Uvuvi ni subira, Tidbury."

"Na wewe bwana unayo mpaka inamwagika."

Jumamosi moja ya Julai alikuja na mama mkwe wake, Bi Philpott, kizee kidogo kilichovaa nyeusi. Aliketishwa nyuma, akaamriwa asikohoe, asichezeshe mwavuli, wala asiulize maswali. Mchana, baada ya pai na chupa nzima ya mvinyo, bingwa wa subira alilala chali, kofia usoni, akakoroma. Bi Philpott akauchukua ufito wa mkwewe wa kuvulia, akakiondoa kwenye ndoana chambo cha manyoya ya kwale, akatia kipande cha nyama ya nguruwe kilichobaki kwenye pai, akakitumbukiza kwenye povu.

Ufito ulipinda. Enoch alisahau hata kugonga. Nani angemdhania Askofu tamaa ya nyama ya nguruwe?

"Usisimame kama nguzo," bibi alinong'ona, akimvuta samaki bila papara. "Lete wavu!"

Enoch aliushika wavu. Ukingo wake ungegusa mshipi kidogo tu, mshipi ungekatika, naye Askofu angeokoka. Lakini kwa miaka tisa hakuwa ameona mtu anayejua kuvua, na mkono wake wa kivuvi ulimsaliti. Alimkinga Askofu, akamlaza kwenye mapaja ya bibi, na machozi yakamlengalenga.

"Ndiye huyu?"

"Ndiye, Mama."

"Mdogo kuliko makelele anayopigiwa." Akamwangalia Enoch. "Na wewe ndiye unayegonga sakafu. Usibishe, nimekuona mara nne tangu asubuhi."

"Mama, naomba unisikilize..."

"Nisikilize wewe. Unajua siku mkwe wangu asipokuja huku anakuwa wapi? Nyumbani. Anatusomea habari za sabuni kwa sauti. Binti yangu hupumua Jumamosi tu." Akaitoa ndoana taratibu, akamtelezesha Askofu majini. "Nimuue huyu, halafu sisi tuishije?"

Mkwewe alishtuka usingizini. "Kuna lolote?"

"Hakuna, mwanangu."

"Mbona sketi imelowa?"

"Si tuko mtoni?"

Lavington alifunga chambo kipya cha manyoya, akakitupa kwa madaha. Povu lilitikisika, mgongo mnene ukainuka. Enoch, wavu ungali mkononi, aliutafuta upondo na kuukosa.

Nyuma yake ncha ya mwavuli iligonga sakafu, mara moja tu.