Vidonge vya Maka

Kwetu Mambrui tumbo la mwanamke lilikuwa na ugonjwa mmoja tu, nao ni chango. Ukiumwa kabla ya siku zako, chango. Ukiumwa ndani ya siku zako, chango. Usiposhika mimba, chango limepanda. Mimba ikitoka, chango limeshuka. Mimi nilikuwa na chango tangu nilipovunja ungo, na kila mwanamke wa mtaani aliyeniona nimejikunja alikuwa na dawa yake: mizizi ya kuchemsha, mafuta ya kusinga, kitambaa cha moto cha kukandia. Nilinywa, nikasingwa, nikakandwa. Nilinywa hata kombe, maneno matukufu yaliyoandikwa kwa zafarani juu ya sahani nyeupe kisha yakaoshwa kwa maji ya marashi. Hilo silisemi kwa dharau, maana moyo wangu lilikuwa likiutuliza. Tumbo ndilo lililokataa kutulia.

Watu hudhani maumivu ya kila mwezi mtu huyazoea. Uongo mtupu. Huyazoei, unajifunza tu kuyaogopa mapema. Mgongo ulianza kunong'ona kabla ya siku zenyewe, halafu tumbo likawa kama nguo mtu anayoikamua na hataki kubakisha tone. Choo kilikuwa adhabu. Nilikuwa nikishona kofia za mkono, zile za vitundu vidogo vidogo, na ungeweza kuziona siku zangu mbaya kwenye kitambaa, mahali sindano ilipopotea njia. Na usiku na mume wangu, mambo ambayo somo yangu, yaani yule mwanamke aliyenifunda kabla ya harusi, aliniambia yana raha yake, mimi niliyapitisha nikiuma ncha ya kanga. Somo alinifundisha mengi. Hilo hakunifundisha, au hakulijua.

Mume wangu alikuwa fundi wa kushona kanzu, mpole mpaka anakera. Tulikaa nyumba moja na mamake, mavyaa wangu, ambaye watu walimwita Hajati tangu aliporudi kuhiji. Aliniposa yeye, akanipenda yeye, na mwana wake alikuwa mmoja tu, kwa hiyo mjukuu alimtazamia kwangu mimi peke yangu. Katika nyumba ya watu wanaosali mwanamke hana siri ya mwezi. Nisipoukunjua mswala, mavyaa alijua nimeingia siku zangu, na alijua pia kwamba mjukuu hayupo tena. Aliniletea uji wa pilipili manga akaondoka, na mimi nikabaki na uchungu wa aina mbili, sijui upi niulilie kwanza.

Nilipozimia jikoni ndipo mume wangu aliponipeleka hospitali ya Malindi, na huko wakatuandikia twende Mombasa. Daktari wa Mombasa alikuwa mtu mzima wa bara. Aliniita mama, kama watu wa bara wanavyomwita kila mwanamke, na neno hilo lilinichoma bila yeye kujua. Walinilaza usingizi, wakanitoboa kidogo kwenye kitovu, wakachungulia ndani kwa mrija wenye taa. Nilipoamka aliniambia kwamba ule utando unaotoka kila mwezi ndani ya kizazi, kwangu mimi umeota hata nje yake. Kila mwezi nao huvuja damu, na damu hiyo haina pa kutokea, ndiyo maana vitu ndani yangu vimeanza kugandamana. Nililia. Mume wangu akadhani ni hofu, akanishika mkono. Sikuwa na hofu hata chembe. Nililia kwa sababu hatimaye kuna mtu aliyeliona.

Kisha akatupa njia, na hapo ndipo hofu ilipokuja. Kizazi kingeweza kutolewa. Maumivu huenda yakaisha, na habari ya mtoto ikaisha nayo. Au kulikuwa na vidonge vya kumeza kila siku bila kuacha, miezi kwa miezi, vya kuizuia damu isije kabisa ili ugonjwa usinzie. Muda huo wote nisitazamie mimba, na nikiviacha nijaribu bahati yangu, kwani hakuna wa kuniahidi kitu. Au nirudi nyumbani nisubiri mimba ije yenyewe, maana wako wanaopata nafuu wakizaa. Hiyo ya mwisho ilinichekesha. Ni kumwambia mwenye njaa kwamba dawa yake ni kushiba.

Wakati wa kurudi tulikaa Mnarani kungoja feri ya kuvukia Kilifi, maana daraja lilikuwa bado. Mume wangu alinunua korosho, akawa anazichagua moja moja kana kwamba jibu limo humo.

"Wewe waonaje?" nikamuuliza.

"Mimi naona tumuulize mama."

Nilitaka kumsukuma majini yeye na korosho zake. Tumbo langu, kitovu changu kilichotobolewa, halafu shauri likaanze kwa mamake! Lakini nilijua anachokiogopa, na mimi nilikiogopa zaidi yake. Mwanamke asiyezaa akimeza vidonge vya kumzuia asizae, mtaa ungesema nini? Na mtaa ukisema vya kutosha, mtu humtafutia mwanawe mke wa pili. Nilitaka maumivu yakome na nilitaka mtoto, na kila njia ilinidai kimoja niweke rehani. Kufika ng'ambo nilikuwa nimeshaamua. Nitameza vidonge. Kizazi changu sikitoi, na kusubiri nimechoka. Ila kuficha nisingeweza, si katika nyumba ile, na kuvimeza bila radhi ya mavyaa nisingethubutu.

Alinisikiliza mpaka mwisho, tasbihi mkononi.

"Vidonge vya kufunga damu?" akasema. "Hivyo si ndivyo vya kupanga uzazi? Vyaozesha kizazi hivyo! Na wewe hujazaa hata mmoja, wapanga nini? Wapanga mashuka?"

"Mama, ni dawa ya maradhi."

"Subira yavuta heri, mwanangu."

"Subira nimeivuta, mama, mpaka kamba imekatika."

Sikuwahi kumjibu hivyo tangu niingie nyumba ile. Mume wangu aliinama akatafuta kitu sakafuni ambacho hakikuwapo. Hajati alinyanyuka akaenda zake, na vidonge nikavitia mkobani bila kuvifungua.

Mwezi ukafika, nao ulikuja kwa hasira. Mavyaa alinikuta asubuhi sakafuni mlangoni mwa choo, nimeuma mkono wangu mwenyewe ili nisipige kelele. Nadhani hakuwahi kuniona hivyo. Ule uji alikuwa akiniletea nikishajilaza, nikishajifunika, nikishajikaza uso. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na mimi kunguni wangu nilikuwa nikimfichia kwa heshima. Alinikokota mpaka chumbani, mtu mzima yule, akihema.

"Niletee mkoba wangu, mama," nikamwambia. "Leo nameza, na ukinikasirikia nikasirikie."

Alivitoa vidonge, akaenda navyo dirishani. Alivitazama kwa muda mrefu, akavigeuza, akavitazama tena. Halafu akatoka, na nikasikia kifuniko cha sanduku lake kikifunguliwa. Alirudi na kitambaa kinachonuka udi. Ndani yake mlikuwa na karatasi ya vidonge, nusu yake imeshatumika.

"Soma," akaniambia, kwa kuwa herufi za Kiarabu alizijua na za kizungu hakuzijua.

Nilisoma vyangu, nikasoma vyake. Jina lilikuwa moja.

"Soma tena."

Nilisoma tena. Akaketi ukingoni mwa kitanda. Alipokwenda hija, alinieleza, bado alikuwa akiona siku zake, na mwanamke aliye katika damu haizunguki Kaaba. Mama aliyewaongoza wanawake wa kundi lao aliwagawia vidonge vya kuzuia mwezi mpaka ibada iishe. Mabaki alirudi nayo nyumbani, akayaweka pamoja na maji ya Zamzam kama kitu cha baraka. Yeye aliviita vidonge vya Maka. Miaka yote ile hakupata kudhani kwamba huku kwetu ndivyo hivyo anavyoviogopa.

"Mimi nilivimeza ili niizunguke nyumba ya Mungu," akasema polepole. "Na sikuoza." Akanigeukia. "Wewe wavitakia nini hasa?"

"Nataka kusimama wima, mama. Basi."

Alininyooshea glasi ya maji. "Haya, bismillahi. Meza vyako. Hivi vyangu usiviguse, vimechakaa."

Nilicheka, na kicheko chenyewe kiliuma. Lakini sikumshukuru upesi, na sioni haya kulisema. Niliudhika. Miaka ya kujikunja mbele yake haikutosha kuwa shahidi, mpaka karatasi ya vidonge ije inishuhudie? Baadaye hasira ilipoa. Alikuwa mwanamke aliyeogopa kupoteza kitu, kama mimi, na kitu chenyewe kilikuwa kimoja.

Vidonge havikuwa asali. Vilinivimbisha, vikanitia chunusi ukubwani, na wiki za mwanzo damu ilinidondokea ikanitia wasiwasi. Lakini ule mwezi ulikuja ukapita, na mimi niko juu ya mkeka nashona kofia. Sikujua nifanye nini na siku zile, zilikuwa kama chumba cha ziada ndani ya nyumba. Nilivimeza karibu mwaka mzima. Nilipoviacha tulijaribu, na mtoto hakuja. Nalisema hili mapema ili msomaji asikae akimngojea. Mke wa pili naye hakuja.

Ninachotaka kukieleza ni alasiri moja ya Ramadhani, ningali navitumia. Majirani walikuwa uani kwetu wakisaidiana kutayarisha futari, mavyaa akikuna nazi, mimi nikichambua mchele. Jirani mmoja, mwenye macho ya kuhesabia wenzake, akaacha kukanda unga.

"Hajati, mwatuficha nini? Mkaza mwana wako hajala mchana hata siku moja, na mwezi wakatika huu. Na tarawehe haachi. Na uso umejaa! Hebu tupeni habari tupige vigelegele."

Mikono yote ilisimama. Wote walinitazama tumboni. Sikuweza kuinua uso, niliutazama mchele tu, kwa sababu kile walichokifikiria ndicho nilichokuwa nikikitaka kuliko kitu chochote duniani, na sasa ningelazimika kukikana mbele ya watu. Nilijua pia kwamba mavyaa angeweza kutabasamu akanyamaza, akaonja heshima ile japo kwa wiki chache. Hakuna aliyeitamani kumshinda.

"Hana mimba," Hajati akasema. Mbuzi ya nazi haikusimama.

"Basi ana nini?"

"Haumwi."

"Haumwi tu?"

Hapo akaiacha nazi, akajifuta mikono kwa kanga, akamtazama yule jirani machoni.

"Haumwi," akasema. "Semeni alhamdulillahi." Na alilisema kwa sauti ile ile ambayo wenzake hutangazia kuzaliwa kwa mjukuu.