Neno Lililojimalizia Kwenye Simu

Wallahi, nikikumbuka natokwa na jasho mpaka leo. Mimi ndiye ninayetangaza misiba katika kundi la simu la msikiti wetu hapa Kisauni, na simu yangu imeyazoea maneno hayo. Nikianza neno tu, yenyewe hulimalizia.

Juzi asubuhi nilimtoa Baba hospitalini. Tulipoingia nyumbani nikawaandikia jamaa kwamba amefika. Niliandika "amef", nikabonyeza neno lililojitokeza, nikamalizia ujumbe na kuutuma bila kuusoma. Simu nikaiweka chaji, nikaenda jikoni kumpikia uji.

Kabla ya adhana ya adhuhuri nikasikia vilio mlangoni. Shangazi yangu alikuwa amevuka kutoka Likoni na wanawake wanane, wote wanalia. Baba akatoka chumbani polepole na mkongojo wake.

"Nani amefariki?" akauliza.

Shangazi alimkodolea macho, akaketi sakafuni. "Ni wewe, kaka yangu," akasema, huku akimnyooshea simu yake.

Baba akausoma ujumbe wangu kwa sauti, watu wote wakisikia: "Baba amefariki. Alhamdulillahi, sote tumefurahi sana."

Kisha akanigeukia.

"Mwanangu, nilikukosea nini?"