Mvi za Dada Yangu

Kazi yangu ni panya. Cheka umalize. Nyumbani Homa Bay wamenicheka mpaka wakachoka, eti nimesoma miaka yote hiyo kumbe naenda Nairobi kulisha kitu ambacho mama yangu anakiwekea sumu.

Mwaka jana maabara yetu ililetewa panya wagonjwa wa kuzaliwa. Chembe zao nyeupe za damu, zile za kupigana na vijidudu, humeza adui vizuri tu, ila zimepungukiwa vimeng'enya vya kummaliza. Akipata kidonda kidogo, mnyama yuko taabani. Nilifungua kizimba cha kwanza nikabaki nimeduwaa na kifuniko mkononi. Manyoya yao yalikuwa ya kijivu cha kung'aa, rangi ileile ya nywele za dada yangu.

Dada yangu mdogo alizaliwa na mvi. Kwetu Waluo mtoto hupewa jina la jamaa aliyetangulia, na kwa huyu hakuna aliyesumbuka kutafuta. Mama mzaa baba alikuwa amefariki juzijuzi, basi amerudi na mvi zake! Tukamwita Dani, yaani nyanya. Wazee wa boma walimwamkia kwa heshima, naye, kijitu cha miaka mitatu, akawaitikia kwa kutikisa kichwa. Lo, alikuwa na maringo yule! Nilikuwa nikimpakata jioni, pua yangu kwenye nywele zake.

Lakini hakuwa mtu wa kupona. Leo majipu, kesho homa, keshokutwa fizi zinavuja damu. Hospitali walitupa dawa, akapata nafuu, akarudi palepale. Alitutoka akiwa darasa la kwanza. Hamu yake haijaniisha hata leo. Nikiona kitoto kimejifunga leso kichwani kama alivyopenda yeye, nakifuata kwa macho mpaka kipotee.

Baada ya mazishi watu wa baba wakagawa: mvi zilitoka kwao, ugonjwa ulitoka kwa mama. Mama ni wa Migori, upande wa Osiri wanakochimba dhahabu, wakasema ameleta damu mbovu ya huko. Tangu niingie maabara Mama amekuwa akiniuliza swali moja tu, kila akipiga simu: "Ule ugonjwa ulitoka kwa nani?"

Desemba nilimkuta ufuoni akianika omena, dagaa wa ziwani, nikaona nimwambie. Niliogopa, sidanganyi. Ningemwondolea lawama, sawa, lakini pia ningemnyang'anya yule nyanya aliyerudi, na ndiye aliyekuwa akimfariji miaka yote.

Nikamwambia siwezi kuapa, kwa sababu damu ya Dani haikupimwa. Lakini kwa panya wale rangi ya manyoya na ugonjwa ni kitu kimoja, kasoro moja ya kuzaliwa. Na kasoro yenyewe haimpati mtoto mpaka airithi kwa baba na kwa mama, wote wawili, nao ni wazima kabisa, hata hawajui wanayo.

Mama aliendelea kutandaza omena kwa viganja.

"Hata mvi?"

"Hata mvi, Mama."

"Kwa baba yenu na kwangu?"

"Kwenu nyote."

"Yawa!" Akakaa chini kwenye mchanga kama alivyo, mikono imejaa magamba. "Mimi niliambiwa hakuna unywele wangu hata mmoja pale. Nikimchana, nachana mtoto wa watu. Kumbe nusu ilikuwa yangu!"

Alilia, nami nikalia, na wenzake waliokuwa wakianika jirani wakajifanya hawatuoni. Kisha akajifuta kwa upindo wa gauni.

"Na hao panya wako, manyoya yao ni laini kama nywele zake?"

Nikamwambia sijui. Tunawashika kwa glavu, ndiyo sheria.

"Sheria!" Akanisukuma bega. "Wewe ukirudi huko, vua hizo glavu mara moja tu. Unishikie."