Beseni Lenye Kilele

Nilipoitwa shuleni nilijua mjukuu wangu kapigana. Kumbe ni hesabu. Mwalimu wake, binti mdogo tu, alinipa shikamoo vizuri, akanifungulia daftari.

"Bibi, hesabu za sehemu zinamshinda. Akiingia hivi kwenye mtihani wa darasa la nne, atarudia darasa."

Mimi kusoma kwangu ni kwa kuungaunga, lakini wino mwekundu naujua. Daftari lilikuwa jekundu lote.

"Kaandika nini huyu?"

"Kila mahali anasema robo tatu ni kitu kizima."

Nikamgeukia mjukuu, kasimama pembeni yetu. "Wewe! Kutwa unanisaidia kupima mtama, leo robo inakushinda?"

Akatazama chini. "Bibi, kwetu si ni tatu?"

"Tatu nini?"

"Mabeseni. Unasema beseni ni robo ya debe. Tukimimina matatu, debe linajaa."

Mwalimu akacheka kidogo. Mimi nilishtuka palepale.

Maana ni kweli. Beseni langu la bati ni pana. Likisawazishwa, manne yanajaza debe, ndiyo maana marehemu mume wangu aliliita robo. Lakini kwetu nani anampimia mwenzake mtama bapa? Unapima mpaka kilele kisimame, punje ziporomoke pembeni. Kwa kilele, matatu debe limejaa. Nimefanya hivyo tangu niolewe, mtoto kanishikia debe miaka yote, na sikuwahi kuwaza kwamba anahesabu. Tena nilishamchapa kwa ajili ya alama mbaya za daftari hilohilo.

Tukarudi kijijini kwetu Mwankoko. Nikatoa debe na beseni, nikakata kijiti kilichonyooka cha kusawazishia.

"Jaza. Sasa futa kilele."

"Bibi, huu si uchoyo?"

"Futa!"

Akafuta. La kwanza, la pili, la tatu. Debe halikujaa. Akanitazama kama nimemfanyia mazingaombwe. La nne likamaliza sawasawa.

"Kwa hiyo shuleni hawaongezi?"

"Hata punje."

"Basi mawili ni nusu debe!"

"Ni nusu."

"Na ile nusu ya ubaoni ndiyo hii?"

Nikashtuka mara ya pili. Mwaka mzima mtoto alidhani nusu ya ubaoni ni kitu kingine na ya uani kwetu ni kitu kingine.

"Ndiyo hiyohiyo. Hakuna nyingine."

Akalala kifudifudi uani na daftari lake, kila swali anamimina na kupima upya. Ikawa hivyo kila akitoka shule. Mimi kazi yangu kushika kijiti.

Mtihani umepita, hakurudia darasa. Jirani akija kupimiwa bado namwekea kilele, kuacha siwezi. Ila mjukuu husema kwa sauti, "Robo na nyongeza, bibi!" Jirani hucheka. Mimi hujiuliza kila mara: mwalimu asingeniita, ningemchapa mpaka lini kwa kosa langu?