Safu Nne za Sita

Nasrin aliolewa Dutwa, Usukumani, mwaka 1988, akitokea Pangani. Mumewe Hilali alikuwa na duka karibu na stendi ya mabasi, na kwa kuwa biashara ilikuwa imeshakuwa ruksa, kila wiki alikuwa njiani kwenda Mwanza kufuata sabuni, khanga na soda. Nasrin alibaki nyuma ya kaunta. Wanawake walinunua walichotaka, kisha wakaegemea baiskeli zao wakizungumza Kisukuma na kucheka. Yeye alijua "mwangaluka" tu, na salamu ikishaitikiwa, hakuwa na la kuongeza.

Siku moja ya kiangazi msichana aitwaye Debora, wa darasa la tatu, alileta chupa tupu. Kiganja chake kilikuwa kimevimba.

"Umefanyaje?"

"Mwalimu. Nimeshindwa jedwali la sita."

"Sita mara nne ni ngapi?"

Debora akainamisha kichwa. Hakuonekana mkaidi, alionekana mtu aliyekwisha kukata tamaa na jambo hilo. Nasrin akaburuta kreti la chupa tupu hadi barazani, akachuchumaa.

"Safu hii ina chupa ngapi?"

"Sita."

"Na safu ziko ngapi?"

"Nne."

"Basi hiyo ndiyo sita mara nne. Hesabu safu safu, usirukie mwisho."

Debora alihesabu kwa kidole, sita, kumi na mbili, kumi na nane, akafika ishirini na nne. Nasrin akamwambia azunguke upande wa pili. Msichana akatazama kwa muda mrefu.

"Sasa ni nne, mara sita," akasema taratibu. "Lakini chupa ni zile zile!"

"Hakuna aliyeongeza, hakuna aliyepunguza."

Kesho yake alikuja na Mektilda, na keshokutwa wakawa saba. Chupa zikatoka kwenye kreti na kupangwa sakafuni: tatu tatu, tano tano, saba saba. Nasrin, aliyewahi kutamani ualimu kabla ya posa kufika, alisahau hata kuwasha jiko. Watoto walimwita mayu, kama walivyowaita mama zao, na wakati wa kufunga duka alijikuta akisikiliza kama miguu yao bado iko njiani.

Mvua ziliponyesha, watoto wakaanza kwenda shamba baada ya masomo. Jedwali walikuwa wamelijua. Hilali alirudi kutoka Mwanza akaikuta baraza imefagiwa, haina kitu.

"Wanafunzi wako wako wapi?"

"Wameshajua," akajibu, akaingia ndani kumwandalia chai.

Mwezi mmoja baadaye Debora alipita na wenzake, jembe begani. Alisalimia akiwa anatembea.

"Mwalimu hajakupiga tena?"

"Hapana, mayu. Sasa mimi ndiye nawaonyesha wengine ubaoni."

Nasrin alifurahi, na furaha hiyo ikamchoma. Debora alikuwa ameshageuka.

"Debora! Sita mnasemaje kwa Kisukuma?"

Msichana akasimama, akacheka kwa mshangao. Mwaka mzima hakuna aliyekuwa amesikia swali kama hilo kutoka dukani.

"Itandatu!" akapaza sauti, kisha akakimbia kuwafuata wenzake.

Nasrin alirudi nyuma ya kaunta. Barabarani hapakuwa na mtu. Alilitamka neno hilo kwa sauti ndogo, akalikosea, akalitamka tena.