Vioo vya Gari la Shaibu

Wazungu wa mradi wa karanga walipoondoka Nachingwea waliacha mapori yaliyong'olewa visiki, vyuma chakavu kila upande, na Felisian. Vyuma vilipata wanunuzi. Felisian hakununuliwa na mtu, akabaki.

Alikuwa Mmakua kutoka upande wa Masasi, mfupi, mwenye mdomo usiojua kusema pole. Kwenye gereji ya karanga alijifunza umeme wa magari: betri, dinamo, taa, honi. Injini alisema ni kazi ya wanaopenda kuchafuka. Mradi ulipokufa wenzake walirudi makwao kulima mihogo. Yeye akapata kibanda cha mabati uani kwa Shaibu, mfanyabiashara wa ufuta na korosho, Mmwera wa Ruangwa aliyehamia mjini. Shaibu alimpa kwa sharti moja tu: magari ya mwenye nyumba yashughulikiwe kwanza, na yapone.

Miaka ikaenda vizuri, mpaka mwaka wa hamsini na saba, Shaibu aliponunua gari kuukuu la Kimarekani kutoka kwa Mzungu aliyekuwa akifunga virago. Vioo vyake havikuzungushwa kwa mkono. Unabonyeza swichi mlangoni, kioo kinapanda chenyewe kikinguruma. Watu walitoka Chiola kwa miguu kuja kukiona kikipanda, wakarudi wakiwa wameridhika kabisa.

Haukupita muda, kioo cha nyuma kikaanza kiburi. Kinashuka vizuri, kupanda hakitaki. Felisian akabadilisha nyaya, kioo kikapanda, wiki haikuisha kikagoma. Akafungua mota, akaisafisha, akaifunga. Kikapanda tena, kikagoma tena. Sasa na kile cha upande wa pili kikafuata mwenzake.

Yote hayo yangevumilika, maana kioo kikigoma mtu hafi. Lakini Shaibu alikuwa anamwoza mwanawe Mikidadi kwa Mwanaheri, binti wa Mandawa, na mdomo ulikuwa umemtangulia. Kwao bibi harusi akishuka garini, shangazi humfuta uso kwa leso nyeupe, watu wote wakitazama. Leso ikitoka na vumbi jekundu, basi mmembeba mtoto wa watu kama gunia la ufuta, na wimbo wa aibu hiyo utaimbwa mpaka apate wajukuu. Shaibu aliwaambia wakwe, bila hata kuulizwa, "Mwanenu atafika kama alivyotoka chumbani. Gari langu linajifunga lenyewe."

Alirudi akasimama mlangoni pa kibanda.

"Fundi, Ijumaa tunakwenda Mandawa kumchukua bibi harusi."

"Nimesikia, bwana."

"Kioo kikinigomea njiani, Jumamosi uwe umehama. Kuna fundi Lindi anakitaka kibanda hiki hata leo."

"Aje na kioo chake," alisema Felisian. Shaibu alipokwisha kuondoka ndipo alipokaa chini.

Alikuwa amekwisha kuamini kwamba ugonjwa uko kwenye mota. Mota ni kitu kikubwa, ina heshima ya kuharibika. Swichi ni kidude cha ukubwa wa kiberiti, alizoea kuifuta juu juu na kuirudisha. Safari hii, kwa kukosa la kufanya, aliichokonoa akaifungua mpaka ndani. Harufu ikampanda puani: ya kikaango. Vidole vya shaba, vinavyotakiwa kugusana ili umeme upite, vilikuwa vimevaa koti jeusi linalonata. Akaligusa, akalamba ncha ya kidole chake. Ufuta.

Hakuhitaji kuuliza. Uani pale mwenye chupa ya mafuta ya ufuta alikuwa mmoja, Sabaha, mke wa Shaibu. Tena ndiye aliyemsemea Felisian akapewa kibanda.

Alimkuta anapepeta mchele.

"Mama Mikidadi, zile swichi za gari, nani anazipaka mafuta?"

"Mimi. Nani mwingine anaona kinachokwama nyumba hii? Kufuli nimepaka. Cherehani nimepaka. Magoti ya mume wangu nimepaka, na yanakwenda."

"Magoti hayana umeme, mama."

"Ungeyaona zamani usingesema."

Felisian hakucheka. "Mafuta yanashika vumbi. Umeme ukipita, vinaungua pamoja. Shaba inafunikwa, kioo hakipandi."

Ungo ukasimama.

"Umemwambia?"

"Bado."

"Ukimwambia atanisema mbele ya wakwe. Usipomwambia na kioo kikagoma, unahama wewe."

"Ndivyo."

"Basi chupa naificha mpaka harusi ipite. Na wewe mdomo wako ufiche hapohapo."

Felisian akaziosha swichi zote kwa petroli, akasugua shaba kwa msasa mpaka ikang'aa, akazinyoosha springi zake, akazikausha vizuri juani kabla ya kuzirudisha. Vioo vikapanda. Ijumaa vikapanda Mandawa, na vikabaki juu mpaka Ruangwa, mpaka Nachingwea, wanawake wakiiva ndani kama mihogo chunguni. Mwanaheri alishuka amelowa jasho. Shangazi akamfuta. Leso ikatoka imelowa, lakini nyeupe. Vigelegele vikapasua ua.

Shaibu akapanda juu ya kiti. Akasema watu wanamwuliza siri ya vioo vile. Siri ni mke wake: alimwona kwa macho yake akizipaka swichi mafuta ya ufuta, ufuta wa Mandawa hasa, wa kutoka kwa wakwe. Wakwe wakafurahi mno. Mtu mmoja akamgeukia Felisian, aliyekuwa na sahani ya pilau mkononi.

"Kweli, fundi? Ni ufuta?"

Felisian alimtazama Sabaha. Sabaha alikuwa anatazama sufuria.

"Mama anajua kazi yake," alisema, akaingiza tonge mdomoni.

"Kama ni hivyo," Shaibu alisema, "kibanda tunakiweka cha nini?"

Sabaha hakuinua macho kwenye sufuria. "Baba Mikidadi, kupaka napaka mimi. Kufungua na kufunga nani atanifungia? Wewe? Mwache fundi wa watu ale."

Watu wakacheka, Shaibu akacheka nao kwa kuwa hakuwa na njia nyingine, na habari ya kibanda ikaishia hapo. Jumamosi asubuhi Felisian alifungua mlango wake kama kawaida. Nje walikuwa wanamsubiri wanaume watatu, wenye magari yaliyogoma kuwaka, na kila mmoja alikuwa amekwisha kupaka ufuta.