Kilatini Kando ya Kitanda cha Mama Mkubwa

Mtihani ulikuwa wa Kilatini cha mimea, na bila kuufaulu nisingepata kazi ya kudumu kwenye chumba cha mimea iliyokaushwa, ambako nilikuwa kibarua. Maelezo ya kale ya mimea yetu, hata ile inayoota kwenye mitaro ya Mbagala, yameandikwa kwa lugha hiyo, na anayeisoma nusunusu ataishia kuuita mmea kwa jina la mwingine. Maneno ya Kilatini chenyewe hayakunisumbua sana. Yaliyonitoa jasho ni yale mageni, yaliyotoka Ugiriki. Mengine yamekubali miisho ya Kilatini yakatulia. Mengine yamekataa katakata: raphe, ule mshono wa mbegu, inakuwa raphes, raphen, Kigiriki kitupu. Na yapo yanayoishia na -ma. Unayadhania ya jinsia ya kike kwenye sarufi kwa sababu ya ile a ya mwisho, kumbe siyo, na ukiyagusa tu yanarefuka: rhizoma, rhizomatis, rhizomati. Niliyaelewa kwa kumtazama mama mkubwa, dada yake mama, aliyenilea. Amezeekea Mbagala, lakini ukimsikiliza anavyoongea bado yuko Lindi alikozaliwa.

Mimi sijui kukariri kimyakimya. Nimesoma madrasa, na kule kitu kinaingia kichwani kwa kuyumbisha mwili na kukirudia kwa sauti mpaka ulimi ukizoee. Basi na Kilatini nilikisoma hivyohivyo, kwa mahadhi yaleyale, asubuhi kabla ya kwenda kazini na jioni nikirudi. Nilikaa kwenye mkeka chumbani kwa mama mkubwa, kwa sababu ndiko kwenye feni, nimetandaza mimea yangu mikavu juu ya magazeti. Yeye alikuwa kitandani. Alikuwa na uvimbe kwenye titi, na hospitali walishampangia siku ya kwenda kukatwa kinyama kikapimwe. Hofu yangu yote ilikuwa siku hiyo isije ikapita hivihivi, maana ya kwanza ilipita akisingizia mvua.

Kitu kimoja kilinifariji. Nikisoma, alitulia. Siku nyingine nikipunguza sauti aliniambia nisome tu, hasumbuki. Kila mara aliweka bakuli la maji karibu na magazeti yangu, nami nikadhani ni ya kumezea vidonge vyake vya presha.

Siku ya hospitali ilipofika nikamkuta bado amejifunga kanga za kulalia. Nikamwambia bajaji iko nje. Akasema haendi.

"Mie naona unafuu, mwanangu. Wewe si unanisomea? Na maji nayanywaga kila siku."

Sikumwelewa mara moja. Kisha nikalitazama lile bakuli, na mkeka, na majani, nikaona alichokuwa akikiona yeye kutoka kitandani: mtoto wake wa madrasa, miti mikavu mbele yake, anayumba na kusoma maneno ambayo yeye hayajui. Kwetu maji yaliyosomewa dua ni tiba, na mgonjwa hamuulizi msomaji maana ya anachokisoma.

Nina hasira za karibu, sikuweza kumwambia taratibu. Nilimwambia ile si dua wala si aya, ni majina ya mizizi na vikonyo. Hiyo rhizoma anayoisikia ni tangawizi anayoitwanga kwa ajili ya chai. Nikamwambia maji yale ni ya bomba, basi. Nilisema kwa ukali kwa sababu dereva alikuwa anasubiri na mimi nilikuwa nimeogopa.

Akajifunga kanga upya, polepole.

"Kwa hiyo siku zote hizo ulikuwa unajisomea wewe."

Akavaa baibui lake, akatoka, akapanda bajaji. Njia nzima alitazama nje. Nilimshika mkono, akauacha tu ushikwe.

Daktari alikuwa binti mdogo, alimwamkia shikamoo kwa adabu, akamuuliza kama kuna dawa yoyote amekuwa akiitumia nyumbani. Mama mkubwa akasema hakuna. Hakunitazama alipokuwa akilisema hilo, na iliniuma kuliko kama angenisema mbele ya watu.

Baadaye wakamlaza kwenye kitanda cha magurudumu. Tulipofika kwenye mlango wa chumba cha upasuaji alinishika mkono, safari hii yeye mwenyewe.

"Sasa nisomee," akasema. "Ile yenyewe."

Nilijua anataka ile sura tunayowasomea wagonjwa, aliyonifundisha yeye kabla sijapelekwa madrasa. Nikaanza vizuri. Aya chache mbele, mahadhi yakaendelea kichwani lakini maneno yakaniishia, na yaliyokuja ulimini yalikuwa yale ya mtihani. Nikafunga mdomo. Nesi alikuwa anasubiri. Mama mkubwa akanitazama kidogo, akafumba macho, akaipokea sura pale nilipoishia, akawa anajisomea mwenyewe huku wanamsukuma kuingia ndani.